Chembe Moja ya Masizi, Vipenyo Vitatu

Chukua chembe moja ya masizi iliyotoka kwenye ekzosi ya gari la dizeli na sasa inaelea hewani, ndogo kiasi kwamba hata hadubini nzuri ya mwanga haiwezi kuonyesha umbo lake. Ukiipitisha katika chombo kinachopima jinsi inavyosogea inapovutwa na umeme, utaambiwa kipenyo chake ni nanomita 300. Ukiipitisha katika chombo kinachopima jinsi inavyoshindwa kukata kona pale hewa inapogeuka ghafla, kipimo kikihesabiwa kwa kanieneo ya kawaida, utaambiwa ni nanomita 130 hivi. Na ukilipima tungamo lake, kisha ukajiuliza kaboni hiyo yote ingefanya tufe kubwa kiasi gani kama ingebanwa hadi isibaki na uwazi wowote ndani, utapata nanomita 165. Vyombo vyote vimesema kweli. Chembe ni ile ile, na imepewa vipenyo vitatu ambavyo havikaribiani.

Nimefanya kazi na vyombo hivi kwa miaka kadhaa, na bado jambo hilo hunifikirisha kila ninaposoma taarifa inayotaja "ukubwa" wa chembe za hewani bila kusema ulipimwa kwa njia gani. Ukubwa wa kitu kama hiki hauchukuliwi kwa rula. Tunachofanya ni kuisukuma chembe kwa kani tunayoijua, kutazama inavyoitikia, halafu kutafuta tufe la kufikirika ambalo lingeitikia vivyo hivyo. Kipenyo kinachoandikwa kwenye ripoti ni cha tufe hilo la kufikirika. Kama chembe yenyewe ni tufe, hesabu zote zinakutana mahali pamoja. Lakini masizi si tufe hata kidogo. Ni vitufe vidogo vya kaboni, kila kimoja chenye nanomita makumi kadhaa, vilivyoshikana ovyo katika matawi na vishada vyenye uwazi mwingi katikati.

Kwanza tuone ukubwa wa tatizo lenyewe. Tufe lenye kipenyo cha nanomita 100 na densiti sawa na ya maji lina tungamo la femtogramu 0.52, na femtogramu moja ni gramu moja iliyogawanywa kwa 1 yenye sifuri 15. Likiwa na kipenyo cha nanomita 10, tungamo linashuka mara 1,000, kwa sababu ujazo hufuata mchemraba wa kipenyo, nalo linakuwa atogramu 520 zilizogawanywa kwa elfu, yaani takriban nusu atogramu (atogramu ni sehemu moja ya elfu ya femtogramu). Hakuna sahani ya mizani inayoweza kubeba kitu hicho na kukitofautisha na sahani tupu. Mvutano wa dunia nao hausaidii kitu: tufe hilo la nanomita 100, katika hewa iliyotulia, huanguka milimita 3 hivi kwa saa, na lingehitaji siku 13 kushuka mita moja. Hewa ya chumba chochote, hata kikiwa kimefungwa, haitulii kiasi hicho. Basi anayetaka kuipima chembe ya aina hii lazima atafute kani nyingine yenye nguvu kuliko mvutano wa dunia, na kani iliyo rahisi zaidi kutawaliwa ni ya umeme.

Wazo la kuweka kani ya umeme upande mmoja na kani nyingine upande wa pili ni la zamani. Robert Millikan, katika Chuo Kikuu cha Chicago, alianza mwaka 1909 majaribio ya matone ya mafuta ambayo yalimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1923, na kila mwanafunzi wa fizikia amekutana nayo kama njia ya kupata chaji ya elektroni. (Aliyekaa naye kwenye kifaa na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya matone hayo alikuwa mwanafunzi wake Harvey Fletcher, ambaye jina lake halikuwamo katika andiko lililoleta sifa, hadithi hiyo aliieleza mwenyewe, ikachapishwa baada ya kifo chake.) Kinachosahaulika ni kwamba majaribio yale, kabla hayajawa ya elektroni, yalikuwa ya kupima ukubwa wa tone linaloelea. Millikan aliukadiria ukubwa huo kwa kasi ya kuanguka, akitumia kanuni ambayo George Gabriel Stokes aliitoa mwaka 1851, na akagundua kwamba kadiri matone yalivyokuwa madogo ndivyo chaji aliyoipata ilivyozidi kuwa kubwa isivyostahili. Elektroni haiwezi kubadilika kwa sababu tone limepungua. Kilichokosea kilikuwa kanuni.

Stokes aliichukulia hewa kuwa kitu kilichoungana, kinachoshika uso wa tufe bila kuacha nafasi. Kwa mpira au hata kwa chembe ya unga hilo ni sawa. Lakini molekuli ya hewa, kwenye usawa wa bahari, husafiri kwa wastani wa nanomita 67 hivi kabla ya kugongana na molekuli nyingine, na kwa chembe yenye ukubwa wa kiasi hicho hewa si kitu kilichoungana tena: ni molekuli zinazoigonga moja moja, huku nyingine zikipita pembeni. Ukinzani unapungua, chembe inateleza. Ebenezer Cunningham alitoa sahihisho la hesabu hiyo mwaka 1910, na tangu hapo hakuna anayepima chembe hizi bila kulitumia. Kwa chembe ya mikromita moja, sahihisho hilo huongeza kasi kwa asilimia 17 tu. Kwa nanomita 100 huizidisha karibu mara 3. Kwa nanomita 10 huizidisha takriban mara 22, na hapo si sawa tena kuliita sahihisho, kwa kuwa limekuwa ndiyo hesabu yenyewe.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulikumbuka hili kuliko watu wa miji ya pwani za Ulaya. Umbali huo wa molekuli hutegemea kanieneo ya hewa. Dar es Salaam au Mombasa ni nanomita 67. Nairobi, iliyo mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, ni takriban 80. Na katika kituo cha uangalizi wa angahewa kilichopo Mlima Kenya, mita 3,678 juu, unakaribia 100. Chombo kilichowekewa thamani ya usawa wa bahari kiwandani kitapandishwa mlimani na kitaendelea kutoa vipenyo bila kulalamika, na vyote vitakuwa vimekosewa kwa upande mmoja. Chombo kizuri hupima kanieneo chenyewe. Ni wajibu wa anayekitumia kuhakikisha kwamba programu inaitumia kanieneo hiyo.

Chombo kinachopima ukubwa kwa njia ya umeme huitwa kwenye maabara zote, za lugha zote, kwa herufi tatu tu: DMA. Umbo lake la kisasa lilielezwa mwaka 1975 na Earl Knutson na Kenneth Whitby wa Chuo Kikuu cha Minnesota, na aliyeshika kile cha wakati ule hatapotea akikutana na cha leo. Ni silinda mbili, moja ndani ya nyingine, na kati yake hewa safi inateremka kwa utulivu bila kuzunguka wala kuchafuka. Silinda ya ndani imewekewa volti nyingi, hadi 10,000. Hewa yenye chembe huingizwa taratibu ikiambaa ukuta wa nje, na chembe zenye chaji inayofaa huanza kuvutwa kuelekea ndani huku zikichukuliwa chini na mkondo, kama mtumbwi unaovushwa mto wenye maji yaendayo kasi: nahodha anaelekeza ng'ambo, lakini mahali atakapofikia ng'ambo hiyo panategemea kasi ya makasia yake dhidi ya mto. Chini ya silinda ya ndani kuna mwanya mwembamba. Chembe zinazokwenda kwa wepesi zaidi hugonga silinda kabla ya kufika mwanyani. Zilizo nzito kusogea hupitiliza na kutupwa nje pamoja na hewa. Zinazotoka mwanyani ni zile za wepesi mmoja tu, na kwa kubadilisha volti unachagua ni zipi.

Hapo mwanzo volti ilibadilishwa hatua kwa hatua, na kila hatua ilidai kusubiri. Mwaka 1990 Wang na Flagan, katika taasisi ya teknolojia ya California, walionyesha kwamba volti inaweza kupandishwa mfululizo bila kusimama na hesabu ikafanywa kwa kufuata muda ambao chembe hutumia njiani, na kazi iliyokuwa ikichukua dakika nyingi ikaanza kumalizika kwa dakika moja au mbili. 

Lakini DMA yenyewe haihesabu kitu. Inachuja tu. Kinachohesabu ni chombo cha pili, na hicho ni mrithi wa kazi ya John Aitken, Mskoti wa Falkirk, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1880 alitengeneza kihesabu cha vumbi. Aliitanua hewa yenye unyevu ghafla ili ipoe, mvuke ukatonea juu ya chembe zisizoonekana, kila chembe ikawa tone, na matone yakaangukia kioo chenye mistari ambapo aliyahesabu kwa jicho. Vihesabu vya leo vinafanya vivyo hivyo kwa mkondo usiokatika: hewa inapitishwa kwenye mvuke wa butanoli (aina ya alkoholi), kisha kwenye sehemu yenye baridi, chembe inavikwa butanoli hadi kuwa tone la mikromita kadhaa, na tone hilo linapokatiza mwale wa leza linatoa mmweko unaohesabiwa. Harufu ya butanoli, kali na ya kukera, ndiyo inayokutambulisha kwamba umeingia maabara ya chembe za hewani kabla hata hujaona chombo chochote. Kihesabu hiki ni hodari wa kuhesabu na hakijui lolote jingine: tone lililojengwa juu ya chembe ya nanomita 10 na lililojengwa juu ya chembe ya nanomita 100 yanatoka yakifanana.

Tatizo kubwa zaidi limo katika chaji. Umeme huivuta chembe kwa kadiri ya chaji iliyonayo, na chembe zinazotoka kwenye moto hutoka na chaji za kila aina. Kwa hiyo kabla ya DMA hewa hupitishwa kwenye chumba chenye chanzo cha mionzi, kwa kawaida kriptoni 85 au poloni 210, au siku hizi mionzi hafifu ya eksirei. Mionzi hiyo huvunja molekuli za hewa kuwa ioni, na ioni hizo hugongana na chembe hadi mgawanyo wa chaji utulie katika hali inayojulikana kwa hesabu. Neno la kutilia maanani ni hesabu. Kwa chembe za nanomita 100, takriban robo ndizo zinazotoka na chaji moja hasi. Kwa chembe za nanomita 10 ni kama 5 katika kila 100. Zilizobaki, ambazo ni nyingi mno, DMA haizioni kabisa, nasi tunazirudisha kwenye jedwali kwa kuzidisha. Mchoro mzuri wa mgawanyo wa ukubwa unaouona kwenye makala ya kisayansi, upande wake wa kushoto wenye chembe ndogo kabisa, umejengwa juu ya chembe chache zilizozidishwa mara 20.

Upande wa kulia una udhaifu wa namna nyingine. Chembe kubwa yenye chaji mbili huvutwa mara mbili zaidi, hivyo chembe ya nanomita 151 yenye chaji mbili hutokea mwanyani pamoja na ya nanomita 100 yenye chaji moja. DMA haiwezi kuzitenganisha. Kwake zote mbili ni nanomita 100. Programu huondoa kosa hilo kwa kukisia kutokana na idadi ya chembe kubwa zilizoonekana kwenye volti za juu, na kwa hewa ya kawaida makisio hayo si mabaya. Lakini ukitaka kujua tungamo la chembe moja moja, kubahatisha hakutoshi, na hapo ndipo inapoingia mashine ambayo binafsi naiona kuwa bora kuliko zote katika fani hii.

Mwaka 1996 Kensei Ehara wa Japani, pamoja na Charles Hagwood na Kevin Coakley wa Marekani, walieleza namna ya kuchagua chembe kwa tungamo lake. Tena ni silinda mbili, moja ndani ya nyingine, lakini safari hii zinazunguka. Chembe iliyo katika mwanya baina yake inazungushwa pamoja na hewa na hivyo kusukumwa nje. Umeme nao unaivuta ndani. Ikiwa nzito mno kwa chaji yake inagonga ukuta wa nje, ikiwa nyepesi mno inagonga wa ndani, na ile ambayo kani mbili zimelingana juu yake inapita katikati hadi mwisho na kuhesabiwa. Tazama kilichotokea kwenye hesabu. Ukinzani wa hewa haumo. Sahihisho la Cunningham halimo. Umbo halimo. Kilichobaki ni tungamo, chaji, kasi ya kuzunguka, volti na vipimo vya silinda, na vitatu vya mwisho fundi anaweza kuvipima kwa usahihi mkubwa bila kujua chochote kuhusu chembe.

Hesabu yake inafaa kufanywa kwa mkono angalau mara moja. Tuseme silinda ina nusu kipenyo cha sentimita 6, mwanya ni milimita moja, na volti ni 100. Chembe yenye chaji moja inavutwa kwa kani ya nyutoni 1.6 zilizogawanywa kwa 1 yenye sifuri 14. Ili kani hiyo ilingane na msukumo wa nje juu ya tufe letu la femtogramu 0.52, silinda lazima izunguke takriban mara 6,800 kwa dakika, na chembe itajihisi ina uzito mara 3,100 kuliko ilipokuwa imetulia. Kile ambacho mvutano wa dunia ungekifanya kwa siku 13, mzunguko huo unakifanya kwa dakika chache, na kwa kupima dhidi ya volti zinazoweza kusomwa kwenye mita ya kawaida.

Mashine ya kwanza ilikuwa na kasoro moja. Silinda zote mbili zilizunguka kwa kasi moja, na katika hali hiyo msukumo wa nje huongezeka kadiri unavyosogea mbali na kitovu, ilhali mvuto wa umeme hupungua. Chembe iliyo sawa kabisa kwa tungamo, ikiteleza kidogo tu nje ya mstari wa usawa, inaendelea kuteleza hadi ukutani, na nyingi zinapotea. Jason Olfert na Nick Collings, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, walionyesha mwaka 2005 kwamba ukiizungusha silinda ya ndani kwa kasi zaidi kidogo kuliko ya nje, hewa iliyo kati yake inazunguka kwa namna ambayo msukumo wa nje nao hupungua kuelekea ukuta wa nje. Chembe iliyoyumba inarudishwa mahali pake badala ya kupotezwa. Badiliko ni dogo kwenye mchoro wa fundi, na matokeo yake ni makubwa kwa anayesubiri idadi ya kutosha ya chembe upande wa pili.

Sasa ziweke mashine hizo kwa mfuatano: chumba cha kuleta usawa wa chaji, DMA, mashine ya kuzunguka, kisha kihesabu cha butanoli. DMA inatoa chembe za kipenyo kimoja cha umeme, mashine ya pili inakuambia tungamo lake. Zile chembe danganyifu za nanomita 151 zenye chaji mbili, zilizojipenyeza kama nanomita 100, zina tungamo mara 3.4 hivi, ukigawanya kwa chaji zake mbili bado zinabaki mara 1.7 ya wenzao, na mashine ya kuzunguka inazionyesha kama kilele cha pili kilichojitenga. Hakuna tena haja ya kukisia.

Na kabla ya kuziamini, zote mbili hupimwa kwa matufe ya polistairini ambayo ukubwa wake umethibitishwa na taasisi za vipimo. Tufe la nanomita 100, kwa densiti ya gramu 1.05 kwa kila sentimita ya ujazo, linapaswa kutoa femtogramu 0.55. Likitoa hivyo, kazi inaweza kuanza. (Ndugu wakubwa wa matufe hayo wana historia ya kupendeza: taasisi ya vipimo ya Marekani ambayo leo inaitwa NIST iliuza mwaka 1985 matufe ya mikromita 10 yaliyokuzwa ndani ya chombo cha angani Challenger, ambako yangeweza kukua bila kuzama wala kuelea, na hiyo ndiyo bidhaa ya kwanza iliyotengenezwa angani na kuuzwa duniani.)

Kwa masizi ya dizeli, mfuatano huo ulileta jibu ambalo lilibadilisha namna watu wanavyosoma takwimu za zamani. Kihong Park na wenzake huko Minnesota waliripoti mwaka 2003 kwamba densiti ya chembe za masizi, yaani tungamo lililogawanywa kwa ujazo wa tufe la kipenyo cha umeme, ilishuka kutoka takriban 1.2 kwa chembe za nanomita 50 hadi takriban 0.3 kwa chembe za nanomita 300, ilhali kaboni yenyewe ina densiti karibu na 1.8. Kadiri kishada kinavyokua ndivyo uwazi unavyozidi ndani yake. Chembe niliyoanza nayo, ya nanomita 300, ina femtogramu 4.2 tu. Aliyepima kwa DMA peke yake na kudhani ni tufe la kaboni iliyoshikamana angeandika femtogramu 25, yaani mara sita ya ukweli, na ripoti yake ingeonekana haina dosari yoyote.

Vibatari vyetu vya mafuta ya taa vinatoa masizi ya jamii hiyo hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 uligundua kwamba asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yanayochomwa na taa hizo za utambi hugeuka kaboni nyeusi, kiasi kikubwa mno kwa mwanga hafifu namna ile, na alama yake iko kwenye mabati na dari za nyumba nyingi. Masizi ya darini ni yale yaliyonaswa. Mengine hubaki hewani, katika kimo cha pua ya mtoto anayesoma.

Kwa nini basi nchi nyingi bado hupima hewa kwa uzito wa jumla tu? Jibu ni kwamba njia hiyo ni imara na ya bei inayoeleweka. Unavuta hewa mita moja ya ujazo kwa saa kupitia chujio, unalipima chujio kabla na baada ya saa 24 katika chumba chenye joto na unyevu uliodhibitiwa, na tofauti ni vumbi. Au unaacha mashine ifanye hivyo yenyewe kwa kuangalia ni kiasi gani cha mionzi ya beta kinazuiwa na vumbi lililotua kwenye utepe. Shirika la Afya Duniani liliweka mwaka 2021 kiwango cha mikrogramu 5 kwa kila mita ya ujazo kwa wastani wa mwaka kwa chembe zilizo chini ya mikromita 2.5. Sasa piga hesabu: hewa ya kando ya barabara yenye chembe 10,000 za nanomita 30 katika kila sentimita ya ujazo, kwa densiti ya maji, ina mikrogramu 0.14 tu za chembe hizo katika mita moja ya ujazo. Chujio la saa 24 litaongezeka kwa mikrogramu 3.4, kiasi ambacho unyevu wa mikono ya fundi asiye mwangalifu unaweza kukizidi. Na chembe 10,000 kwa wastani wa siku ndicho kiwango ambacho shirika hilo hilo, katika mwongozo ule ule, linakiita cha juu.

Watengenezaji wa magari Ulaya waligongana na ukuta huo mapema. Baada ya kuweka vichujio kwenye ekzosi, tungamo lililobaki lilikuwa dogo kiasi cha kutotofautishwa na chujio safi, kwa hiyo sheria ikageukia kuhesabu: chembe bilioni 600 kwa kilomita, kwa magari ya dizeli tangu kiwango cha Euro 5b, zikihesabiwa kuanzia nanomita 23 baada ya moshi kupashwa joto kali ili matone ya mafuta na asidi yageuke mvuke na kuacha chembe ngumu peke yake. Euro 7 inaushusha mpaka huo hadi nanomita 10. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uamuzi sahihi, ingawa una gharama yake: chembe zilizofukuzwa na joto hilo zipo kweli hewani, na anayepita barabarani huzivuta.

Sensa ndogo za leza ambazo sasa zimetapakaa katika miji yetu, kama zile za mradi wa AirQo wa Chuo Kikuu cha Makerere, zimefanya kazi ambayo mashine za bei ghali zisingeifanya kamwe, kwa kuwa zimeufikisha upimaji kwenye mitaa. Lakini lazima ieleweke zinaona nini. Kwa chembe iliyo ndogo sana kuliko urefu wa wimbi la mwanga, mwanga unaotawanywa hufuata kipenyo kilichozidishwa kwa chenyewe mara sita. Ukipunguza kipenyo kwa nusu, mwanga unapungua mara 64. Ndiyo maana sensa hizi huishia kuona karibu na nanomita 300. Masizi mabichi ya pikipiki inayopita mbele yake, mengi yakiwa chini ya nanomita 100, hayamo katika namba inayoonekana kwenye simu. Pwani kuna jambo jingine: chumvi ya bahari huanza kuyeyuka kuwa tone unyevu wa hewa ufikapo asilimia 75 hivi, na kwenye asilimia 80 kipenyo chake kimeongezeka takriban mara 1.8, hivyo ujazo wake unakaribia mara sita. Sensa ya Zanzibar au Tanga alfajiri inapima maji kwa sehemu kubwa. Vituo vya uangalizi wa kimataifa huikausha hewa hadi chini ya asilimia 40 kabla ya kuipima, na pwani yetu haiwezi kukwepa hatua hiyo.

Kama ningepewa fedha za chombo kimoja cha kuweka kando ya barabara yenye magari mengi katika mji wetu wowote mkubwa, ningenunua kihesabu cha butanoli na kikausha hewa, wala si DMA. Mwaka 2015 nchi tano zilizounda Jumuiya ya Afrika Mashariki wakati huo zilipunguza kiwango cha salfa kilichoruhusiwa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, na salfa ndiyo mzazi wa matone ya asidi yanayozaliwa moshi unapopoa, mengi yakiwa chini ya nanomita 30. Badiliko la aina hiyo huonekana kwenye idadi, wala halionekani kwenye uzito. DMA ingefuata bajeti ya pili ikiruhusu. Mashine ya kuzunguka ningeiazima kwa msimu mmoja, nikapata densiti ya masizi ya magari yetu yenyewe, yaliyochakaa kwa namna yake na kunywa mafuta yake, kisha nikairudisha. Densiti hiyo ikishajulikana, vipenyo vya DMA vinaweza kugeuzwa kuwa tungamo kwa miaka kadhaa bila kuiazima tena.